Sifa, dimensheni, mti wa pili au lebo: kipi ukiweke wapi kwenye programu ya bajeti

Mhasibu anayepanga programu ya bajeti kwa mara ya kwanza ni kama mtu aliyeingia soko la Darajani, Unguja, mishahara ikiwa imetoka jana: kila anachokiona anakitaka. Mkurugenzi kasema anataka kuiona pwani ya mashariki peke yake, tunaongeza dimensheni. Kasema anataka hoteli za kukodi zikae mbali na zetu wenyewe, dimensheni nyengine. Mimi nimefanya hivyo, na nikalipia kwa masiku ya kukaa ofisini mpaka Isha nikingojea hesabu imalize kuzunguka. Siku hizi kabla sijagusa kitufe najiuliza: hiki kitu ni cha nani? Cha tawi, cha muamala, au cha wakati? Karibu kila kitu kinachofuata hapa chini kinatokana na swali hilo.

Kwanza maneno, ili tusipishane. Dimensheni ni upande mmoja wa kuitizamia namba: akaunti, tawi, mwezi, mwaka, toleo la bajeti. Kilichomo ndani yake tunakiita memba, kwa hiyo Nungwi ni memba wa tawi na Aprili ni memba wa mwezi. Sifa ni maelezo yanayobandikwa kwa memba: hoteli hii iko kaskazini, ina vyumba 32, jengo ni la kukodi. Hakuna anayeingiza namba kwenye sifa. Namba zinaingia kwenye tawi, na sifa inazikusanya pale ripoti inapoitwa.

Nitatumia kampuni ya kubuni mwanzo hadi mwisho. Ina hoteli ndogo tisa, kuanzia Nungwi na Matemwe hadi Paje na Jambiani, na moja ya Chake Chake. Ina maduka matatu ya viungo na boti mbili. Matawi 14. Akaunti 400, miezi 12, matoleo matatu.

Sifa na dimensheni kamili

Zidisha: 14 mara 400 mara 12 mara 3 ni seli (visanduku vya namba) 201,600 zinazoweza kujaa kwa mwaka mmoja. Ongeza dimensheni ya eneo yenye memba watano tu, zinakuwa 1,008,000. Na nyingi katika hizo hazitajaa maisha, kwa sababu Paje haiwezi kuwa kaskazini. Hoteli iko pale ilipo. Ukiona dimensheni mbili ambazo memba wa moja anamjua mwenzake wa upande wa pili bila kuuliza, basi moja katika hizo ilitakiwa iwe sifa.

Ile gharama ya ukubwa ni ndogo ukilinganisha na gharama ya watu. Mwenye kuingiza bajeti wa Jambiani sasa analazimika kuchagua tawi "Jambiani" na halafu eneo "Mashariki", kila fomu, kila mara. Siku akichagua "Kaskazini" kwa bahati mbaya programu inapokea bila kelele, na pesa zinakaa pahala ambapo hakuna mtu atakayezitafuta. Sifa haimpi nafasi hiyo. Imebandikwa mara moja, na mtu mmoja.

Sasa chukua soko la mgeni. Chumba kile kile cha Kiwengwa analala Mtaliano wiki hii na Mpoland wiki ijayo. Hapo hoteli haina jibu, jibu liko kwenye muamala. Ukijaribu kulifanya sifa utajikuta unaandika "Kiwengwa: Italia" kwa sababu Waitaliano ndio wengi, na kuanzia hapo ripoti yako inasema uongo kwa adabu. Soko la mgeni ni dimensheni kamili, na inastahili ukubwa wake wote. Sarafu nayo ni hivyo hivyo, kwa sababu tawi moja linauza vyumba kwa dola na kulipa mishahara kwa shilingi.

Kuna tofauti ya tatu ambayo watu huigundua wakiwa wamechelewa. Mzee wa kampuni akikwambia "pwani ya mashariki niwekee lengo la jumla, nyinyi wenyewe mtaligawa", sifa haitakusaidia, kwa sababu haihifadhi chochote. Ama umgawie kwa matawi hapo hapo, ama utafute memba mzazi wa kulipokea lengo hilo.

Na kasi. Kwenye Essbase, hifadhidata ambayo ndiyo iliyo chini ya programu ya mipango na bajeti ya Oracle, jumla za sifa hupigwa wakati ripoti inafunguliwa, hazikai tayari. Sifa moja kwenye ripoti ndogo huioni tofauti. Kutanisha sifa mbili, miaka mitatu, akaunti zote 400, na utapata muda wa kwenda kununua urojo na kurudi. Faida yake ni kwamba bila kazi yoyote ya ziada unapata hesabu tano: jumla, idadi, wastani, cha chini na cha juu. Wastani wa mapato kwa hoteli za kukodi unakuja wenyewe.

Mtu aliyezoea Business Central, programu ya uhasibu ya Microsoft, asichanganye. Kule neno dimensheni lina maana iliyo karibu zaidi na muhuri unaogongwa kwenye muamala: una dimensheni za njia ya mkato hadi nane, mbili kati yake zikiwa za kampuni nzima, na thamani uliyochagua inaondoka na muamala wake ukishaingizwa kwenye vitabu. Ukibadilisha mpango kesho, muamala wa jana unabaki na muhuri wa jana. Sifa ya kwenye programu ya mipango inakaa kwa memba, na memba hana kumbukumbu. Tofauti hii ndiyo iliyonitia aibu, nitaieleza.

Mti wa pili

Mti wa pili ni kuwapanga matawi wale wale chini ya wazazi wengine. Mti wa kwanza unaweza kuwa wa biashara: hoteli, maduka, boti. Wa pili ni wa kiserikali: Unguja na mikoa yake mitatu, Pemba na mikoa yake miwili, halafu matawi. Namba inahifadhiwa mara moja tu. Kwenye mti wa pili kinakaa kivuli cha memba, yaani jina lake tu linaloelekeza kwenye namba zake za mti wa kwanza.

Huu unaushinda mpango wa sifa pale penye ngazi zenye maana, na pale ambapo kundi halina mantiki nyengine isipokuwa mtu kasema. Benki inataka kuziona hoteli tatu zilizowekwa dhamana. Hizo tatu hazifanani kwa lolote. Kuzitungia sifa ni kupoteza jina. Ziweke chini ya mzazi mmoja na umalize.

Ila una ubovu wake, na ndio unaonirudisha kwenye sifa mara nyingi. Miti yote miwili inaishi ndani ya dimensheni moja. Kwa hiyo huwezi kuweka mikoa kwenye safu za kushuka na umiliki kwenye safu za kwenda pembeni, ukapata kisanduku cha "hoteli za kukodi za Kaskazini Unguja". Memba wa dimensheni moja hawakutani wao kwa wao. Sifa zinakutana, na hiyo ndiyo kazi yake kubwa. Mkurugenzi wako akiwa mtu wa kuuliza maswali yenye "na" katikati, mpe sifa.

Ukiujenga mti wa pili, angalia vitu viwili. Kilele chake kisijumlishwe tena kwenye jumla kuu. Kwenye Essbase unampa mzazi huyo alama ya ~, maana yake asihesabiwe. Ukisahau, kampuni yenye matawi 14 inapata mapato ya matawi 28, na cha kuchekesha ni kwamba gharama nazo zinajizidisha, kwa hiyo asilimia ya faida inakaa vile vile na jicho linapita. La pili ni faili la kupakia. Mstari wa pili wenye Kiwengwa chini ya mzazi mpya unaweza kusomwa kama amri ya kumhamisha badala ya kumtilia kivuli, ikiwa kanuni ya kupakia inaruhusu kuhama. Hapo mti wa kwanza unabaki na pengo.

Lebo

Lebo haina mengi. Ni neno linalobandikwa kwa memba, haina jumla, haina ngazi, na memba mmoja anaweza kubeba kadhaa. Mimi naitumia kwenye fomula tu. Hoteli zinazofunga masika nazipa lebo "hufunga", kisha hesabu ya bajeti inaambiwa: mwenye lebo hii, mapato ya Aprili na Mei yawe sifuri. Msomaji wa ripoti hana haja ya kuijua.

| | Sifa | Dimensheni kamili | Mti wa pili | Lebo |
|---|---|---|---|---|
| Kuingiza bajeti juu yake | Haiwezekani | Ndiyo | Kupitia matawi ya chini | Haiwezekani |
| Jumla | Ndiyo, hupigwa papo hapo | Ndiyo | Ndiyo | Hakuna |
| Kukutanisha makundi mawili ya matawi | Ndiyo | Ndiyo | Hapana | Hapana |
| Ukubwa wa hifadhi | Hauguswi | Unazidishwa | Kidogo | Hauguswi |
| Tawi moja kuwa na thamani mbili | Hapana | Ndiyo | Ndiyo | Ndiyo |

Kinachobadilika na wakati

Hapa ndipo ningekuomba usome taratibu.

Kampuni moja niliyoifanyia kazi, siitaji, ilikuwa na hoteli ya kukodi. Mwezi Januari wakalinunua jengo. Mimi, kwa moyo safi, nikaingia kwenye programu na kubadilisha sifa ya umiliki: kutoka "kukodi" kwenda "yetu". Dakika moja. Mwezi Machi tuko kwenye kikao, mzee wa kampuni kaweka karatasi mbili mezani, zote mbili nilimchapia mimi. Moja ya Disemba, moja ya siku ile. Kaweka kidole kwenye safu ya mwaka uliopita, hoteli za kukodi, akanitizama juu ya miwani.

"Mwanangu, hizi zinagombana. Mwaka jana umeshapita, nani kaurudi?"

Nimeurudi mimi. Sifa ilipohama, miaka yote ilihama nayo. Programu haikukosea, iliulizwa hoteli za kukodi ni zipi, ikajibu kwa orodha ya leo. Mapato ya mwaka jana ya jengo lile yalitoka kundi moja yakaingia jengine, na kodi ya pango tuliyolipa miezi 12 ikawa imekaa kwenye hoteli "zetu", jambo ambalo hata mtoto wa skuli angeliuliza.

Zipo dawa, na hazilingani. Essbase ina namna ya sifa inayobadilika kwa kipindi, ila inataka ipangwe kwa makusudi na kila anayevuta ripoti aelewe anavuta kwa macho ya tarehe ipi; kwa ofisi ya watu watatu naiona nzito. Kuufanya umiliki dimensheni kamili kunaponya, lakini ni kununua meli kwa ajili ya kuvuka Chwaka. Nilichokifanya, na nakifanya hadi leo, ni kumgawa memba. Chini ya mzazi anayeitwa kwa jina la hoteli napanga watoto wawili: mmoja wa kukodi anayeishia Disemba, mmoja wetu anayeanzia Januari. Kila mmoja na sifa yake. Mzazi anaonesha historia nzima ya hoteli, na sifa zinasema kweli kwa kila mwaka. Ukifanya hivi kumbuka kwamba sifa zinabandikwa ngazi moja kwa memba wote, kwa kawaida ngazi ya chini kabisa, basi wote wawili watiliwe pia eneo na idadi ya vyumba. Mimi nilimsahau mmoja, na kaskazini ikapungua.

Upande wa miezi nao una mitego, na hapa kwetu ipo ya aina yake. Msimu ni kitu cha mwezi, kwa hiyo mtu angedhani ni sifa ya mwezi: masika, kipupwe, vuli, kaskazi. Kwanza Essbase inakataa kuibandika sifa kwenye dimensheni iliyojaa, yaani ile ambayo karibu kila memba wake huwa na namba, na miezi mara nyingi ndiyo iliyojaa, pamoja na akaunti; sifa zinakubaliwa kwenye zile zenye mapengo kama tawi. Sawa, msimu mpe mti wa pili wa miezi. Unakaa vizuri, kwa sababu Aprili ni masika kila mwaka, hata mvua ikichelewa.

Ramadhani haikai hivyo. Mgahawa wa mjini, duka la viungo, saa za kazi, posho, vyote vinabadilika mwezi ule, na mkurugenzi ana haki ya kutaka kulinganisha Ramadhani kwa Ramadhani. Lakini mwezi mwandamo unarudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka. Mwaka 2025 umeangukia Machi karibu wote. Mwaka 2026 umeanzia Februari. Na mwaka 2030 zitakuwemo Ramadhani mbili, moja ya Januari na nyengine itakayoanza siku za mwisho za Disemba. Kwenye programu hizi mwaka ni dimensheni yake na mwezi ni dimensheni yake, kwa hiyo memba "Machi" ni mmoja kwa miaka yote. Ukimwambia Machi kwamba yeye ni Ramadhani, umemwambia hivyo kwa mwaka 2025 na kwa mwaka 2030 pia.

Kwa hiyo Ramadhani haifai kuwa sifa, haifai kuwa mti, na lebo ndiyo kabisa. Ifanye namba. Fungua akaunti ya takwimu, iite "siku za Ramadhani", na kwa kila mwezi wa kila mwaka ingiza idadi ya siku zilizomo. Fomula ya bajeti ya mgahawa inazidisha kwa siku hizo. Ripoti ya kulinganisha inagawa kwa siku hizo. Mwezi ukiandama siku ya pili yake, unarekebisha seli mbili. Sikukuu ya Idi ifanyie vivyo hivyo.

Ukishaamua ni sifa: ya aina gani?

Aina ni nne: maneno, namba, tarehe, na ndiyo-au-hapana. Idadi ya vyumba iweke namba, maana namba unaweza kuipanga kwa madaraja, vyumba hadi 20, 21 hadi 50, na zaidi. Ukiiandika kama maneno umelikosa hilo.

Tarehe ya kufunguliwa hoteli nishaiacha. Programu inakutaka uchague kama mwezi unatangulia au siku inatangulia, na uchaguzi mmoja unafunga zote. Faili langu la Excel lilikuwa na 03-04-2011, yaani tarehe tatu Aprili, likaingia kama Machi nne. Zile zenye siku zaidi ya 12 zilikataliwa, ndipo nikashituka. Bila ya hizo nisingejua. Siku hizi naweka mwaka peke yake, kama namba. Hakuna aliyewahi kuniuliza siku.

Ndiyo-au-hapana inavutia, ila jina la memba halitakiwi kujirudia. Ukiwa na sifa ya bwawa la kuogelea na sifa ya jenereta, huwezi kuwa na "Ndiyo" mbili tupu. Ziwe "Bwawa_Ndiyo" na "Jenereta_Ndiyo". Ugomvi huo huo unaikuta "Pemba", ambayo unaitaka kwenye eneo na tayari ipo kwenye mti wa mikoa. Mimi natanguliza jina la sifa kila pahala: Eneo_Pemba, Eneo_Mashariki. Haipendezi kwenye ripoti, lakini jina la kuonesha unaweza kuliandika jengine.

Kabla ya kumkabidhi mtu yeyote, vuta ripoti ya mistari michache: maeneo yote moja moja, jumla yake, na chini yake jumla ya matawi yote kutoka mti wa kwanza. Zikiachana, kuna tawi halina sifa. Kwenye kampuni yetu ya kubuni ningeanza kuzitizama zile boti mbili, maana boti inayolala Nungwi Jumatatu na Mkoani Alkhamisi, kila anayejaza fomu ya eneo huiacha tupu akitaraji mwengine ndiye ataijaza. Ningeziandikia "Eneo_Baharini".